Arusha, Zanzibar au Morogoro: familia yenye kazi ya mtandaoni ihamie wapi?

Swali hili limekuwa la kawaida kwa wafasiri, waandika programu, wahasibu na wabunifu wa Dar es Salaam wanaolipwa na watu ambao hawajawahi kuwaona ana kwa ana: kama malipo yanaingia popote penye mtandao, ya nini kuendelea kula foleni ya Mbezi na joto la Februari? Majina yanayotajwa haraka ni mawili. Wa Arusha husifu baridi na bustani, wa Zanzibar husifu bahari, na mjadala huishia hapo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaanza hesabu mahali pasipo pake. Zinaanza na kazi, wakati kazi ndiyo kitu pekee katika nyumba hiyo ambacho kuhama hakukisumbui. Mke au mume mwenye ajira ya mahali, mtoto wa darasa la mtihani, bibi mwenye kliniki Muhimbili kila mwezi, na mbwa: hao ndio wa kuanza nao.

Lakini tuanze na mtandao, maana ndio hoja inayosemwa sana. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika miji yote mikubwa, na faiba ya majumbani ipo katikati ya Arusha, Moshi, Dodoma na Morogoro. Ukipanga pembezoni mwa mji wowote kati ya hiyo utaishi kwa bando. Kwa hiyo tofauti ya mtaa na mtaa ni kubwa kuliko ya mji na mji. Na yakitokea makubwa hakuna mji wa kukimbilia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mtandao za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Dar na mikoani wote walikwama. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa nchi nzima na ukakaa hivyo kwa siku kadhaa. Baadhi ya watetezi wa Arusha husema Namanga iko kilomita 110 tu, ukizimiwa unavuka upande wa Kenya unaendelea na kazi. Ukiisikia ni hoja nzuri, ila siku zilezile Namanga yenyewe ilikuwa na maandamano na mabomu ya machozi. Anayetaka uhakika wa kutopotea kwa mteja hata siku kama zile anatafuta nchi nyingine, na huo ni uamuzi wenye uzito tofauti kabisa.

Umeme unatofautisha miji zaidi. Mgao wa 2023 ulipungua makali baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuwashwa mwaka 2024. Kaskazini, hata hivyo, ni mbali na vyanzo, na umeme mwingi hupotea njiani. Ndiyo sababu Machi 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hiyo. Unguja nayo hutegemea waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Waya mpya uliwekwa 2013 na hali imebadilika sana, lakini mwenye kazi za tarehe maalumu asihamie huko bila inveta na betri.

Sasa Arusha. Sifa zake ni za kweli: mji uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku unalala bila feni, na shule ni nyingi, ikiwamo UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha kwa wanaoweza ada za kimataifa. Mfasiri atapata hata wateja wa karibu, kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yako pale. Hoja ya malaria pia husemwa, na ni kweli kwamba Arusha, Kilimanjaro na Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo kabisa nchini.

Kitu ambacho madalali hawakitaji ni maji. Miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru hutoa floraidi nyingi, na matokeo yake yanaonekana kwa macho: meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia Arumeru. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hilo vimepita hapo kwa mbali. Mtu mzima aliyehamia na meno yake hadhuriki kirahisi kwa sura, ila mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani hadi miaka minane hivi, ndiye anayeathirika. Kuchemsha hakusaidii. Maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huongeza kiasi kingine. Serikali ilijenga mradi mkubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ili kuleta mjini maji yenye floraidi kidogo, na maeneo yaliyounganishwa yamepata nafuu. Bado mwenye watoto wadogo ana maswali mawili ya kumuuliza mwenye nyumba kabla ya kuuliza idadi ya vyumba: maji haya ni ya mamlaka au ya kisima, na kisima kimepimwa lini? Nani huuliza hivyo? Wengi tunauliza kama kuna fensi na kama gari linaingia.

Moshi, kwa hili, iko vizuri zaidi kwa sababu maji ya mjini hutoka kwenye chemchemi za Kilimanjaro, na hospitali ya KCMC iko pale pale. Ni mji mdogo, msafi, na wenye joto kuliko wageni wanavyodhani. Kama ningekuwa na watoto wa chekechea na hela ya kuchagua kati ya miji miwili ya kaskazini, ningechukua Moshi.

Zanzibar inahitaji maelezo marefu kidogo, hasa kwa sababu Serikali ya Mapinduzi yenyewe iliwaita watu wa aina hii. Mwaka 2022 ilizindua Silicon Zanzibar, mpango wa kuvutia kampuni za teknolojia na wafanyakazi wake, na eneo la Fumba likatajwa kuwa kitovu. Kwa kijana asiye na familia au wawili waliooana karibuni, sioni sababu ya kumzuia mtu. Ukiwa na mtoto wa darasa la tano mambo yanabadilika. Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na mtaala wake, na huko msingi ni miaka sita, wakati Bara mpito wa kutoka miaka saba kwenda sita bado unaendelea. Mtoto atakayehamishwa katikati ya ngazi anaweza kujikuta amerukishwa au amerudishwa. Shule binafsi zenye mtaala wa Kiingereza wa nje zinaepusha hilo kwa bei yake.

Halafu kuna mbwa. Watu wa Bara tunaofuga mbwa hulichukulia suala hili kijuujuu, kisha tunashangaa majirani wakinuna. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anakubalika. Mbwa anayezurura uchochoroni akirukia watu kwa furaha hakubaliki, hata akiwa mpole namna gani. Jirani aliyetoka nyumbani na udhu wake na kanzu safi kwenda kuswali Alasiri, akapakwa pua ya mbwa wako, umemrudisha nyumbani kubadili nguo na pengine swala ya jamaa imempita. Hilo likitokea mara mbili hakuna namna utakavyoishi vizuri mtaani, na kosa si lake. Kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa Unguja anahitaji kiwanja chenye ukuta na geti linalofungwa, jambo linalomsukuma kwenye nyumba za gharama. Paka ni habari nyingine kabisa, pwani yote wanapendwa na kupewa vichwa vya samaki. Ukiwa na paka tu, futa aya hii kwenye hesabu zako. Tanga, ambayo kwa bei na utulivu ingefaa wengi, ina hali ileile mitaa ya zamani, ingawa maeneo mapya yamechanganyika.

Kuna na upande wa afya. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini. Pemba ilifanikiwa kukiondoa, kikarudi mwaka 2016, kikadhibitiwa tena kwa chanjo. Kumvusha mbwa bahari bila cheti cha chanjo na kibali cha daktari wa mifugo ni kuwarudishia wenzako walichokihangaikia kwa miaka. Wanaoota Ulaya wajue masharti ni magumu zaidi: mbwa awekewe chipu, achanjwe, asubiri siku 30, damu ipimwe ionyeshe kinga ya kutosha, kisha isubiriwe miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa ndipo asafiri. Yaani kama miezi minne au zaidi kabla ya tiketi. Ndani ya nchi shida ni usafiri. Mabasi ya mikoani hayataki mbwa, kwa hiyo ni gari lako au Noah ya kukodi, na Dar hadi Arusha ni kama saa kumi barabarani. Kabla ya yote hayo, mwenye nyumba akubali mbwa, na akubali kwa maandishi kwenye mkataba, maana wengi hukubali kwa mdomo siku wanapotaka kodi yako.

Kodi yenyewe ndiyo inayofanya jaribio kuwa ghali. Kenya unalipa mwezi kwa mwezi na amana, ukichoka unaondoka. Kwetu ni miezi sita au mwaka mzima mkononi, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Anayehama kwa kubahatisha anapoteza nusu mwaka wa kodi akigundua watoto hawapati usingizi kwa kelele za baa. Nafuu moja imekuja: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni nchini, kwa hiyo anayekutajia dola kwa nyumba ya Njiro, Arusha, anavunja kanuni. Kwa anayelipwa kwa dola hilo halina maana kubwa, lakini mwenzi wake anayelipwa shilingi analihisi.

Mwenzi huyo ndiye anayesahaulika. Nyumba nyingi za aina hii zina kazi moja inayobebeka na nyingine isiyobebeka: mwalimu wa serikali, muuguzi, mwenye duka Kariakoo. Mtumishi wa umma anahitaji uhamisho, na wengi huupata kwa urahisi zaidi wakimpata wa kubadilishana naye. Makundi ya WhatsApp ya walimu yamejaa matangazo ya hivyo. Niseme wazi, kwa sababu nimeyaona zaidi ya mara moja: mara nyingi mwenye laptopu ni baba, na anayetakiwa kuacha kazi yenye pensheni ili familia ipate hewa safi ni mama. Hapo mji hauna kosa, hesabu ndiyo haikumhusisha. Mtandao ukikata mkataba wa mteja mmoja mkubwa, mshahara ule ndio ungelipa ada.

Ndiyo maana nadhani Morogoro inastahili kuliko inavyotajwa. Juni 2024 treni ya SGR ilipoanza, safari ya Dar na Morogoro ikawa chini ya saa mbili kwa nauli ya kawaida ya shilingi 13,000. Bibi anaweza kwenda kliniki Muhimbili na kurudi siku hiyohiyo. Mwenye duka anaweza kwenda Kariakoo mara mbili kwa wiki bila kulala njiani. Mwenye mbwa anapata kitu ambacho Arusha na Zanzibar hawana: chuo kikuu cha Sokoine ndicho chenye kitivo kikongwe cha udaktari wa mifugo nchini, pamoja na hospitali yake ya wanyama. Kwa gari ni kilomita 190 hivi, na mbwa anavumilia.

Ina udhaifu wake. Joto halijaachana na la Dar kwa mbali, na malaria haijapungua kama kaskazini. Maji hutegemea sana bwawa la Mindu, na mgao wa maji ni jambo ambalo wenyeji wamelizoea. Bila simtank usipange. Shule za mitaala ya kimataifa ni chache mno, hivyo anayekusudia mtoto aishie vyuo vya nje atabanwa. Treni yenyewe imewahi kusimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na anayepanga maisha yake juu yake abaki na mpango wa basi.

Kwa hiyo: watoto wadogo, wazazi wote wawili wana kazi za mtandaoni, hakuna mgonjwa wa kudumu, basi Moshi, halafu Arusha kwa mwenye maji yaliyopimwa. Paka badala ya mbwa, na watoto bado hawajaanza shule, Zanzibar iko wazi. Mmoja amefungwa na Dar kwa kazi au kliniki, Morogoro. Na mwenye mtoto wa kidato cha tatu asiguse kitu hadi mtihani wa kidato cha nne upite. Baada ya hapo Desemba ndiyo mwezi wa kuhama, kwa sababu shule zimefungwa na nyumba nyingi zinaachwa na waliomaliza mikataba, ingawa ndio pia mwezi ambao Noah za kwenda Moshi hupanda bei, na mbwa atalipiwa kama mtu.