Mdeki Uliokunywa Ulanzi

Gobole la babu lina kibali halali. Mimi hata leseni ya bodaboda sina. Lakini nguruwe pori walipoanza kumaliza mahindi yetu huko Kilolo, na macho ya babu ni yale ya kuuliza "ni nani huyo?" hata kwa bibi, zamu ya kujifunza shabaha ikaniangukia.

Siku ya kwanza goroli moja ilikwenda kulia, nyingine juu, ya tatu mpaka leo haijulikani ilipotua.

"Bunduki haina kosa," babu akasema. "Baruti unamimina kama chumvi ya mboga, kila mara kwa kukisia."

Akanipa kizibo cha soda: kipimo ni hicho hicho, sipunguzi, siongezi. Goroli niivishe kitambaa, nishindilie mpaka alama iliyochongwa kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ilingane na mdomo wa mtutu. Kila baada ya mlio nifute ndani, maana masizi ya baruti yakijaa, goroli hukwama njiani. Halafu mdeki nje, fataki ya kuwasha baruti mwisho.

Siku ya tatu debe lililokuwa hatua thelathini nililipiga mara tatu kati ya tano. Nikaanza kutembea kama Mkwawa anarudi kutoka Lugalo, Wahehe walikowashinda Wajerumani mwaka 1891 (ingawa wenzetu wale kazi kubwa waliifanya kwa mikuki).

Ndipo akapita nyuma yetu mzee mmoja, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. "Kamwene!"

Sasa salamu ya Iringa haiishi kwa neno moja. Tuliulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe, kisha za nyumbani tena. Nilikuwa nimeshashindilia. Mdomo ukiitikia, mikono ikaendelea na kazi peke yake: ikapachika fataki. Nikalenga.

"Mde..." babu akapiga kelele.

Puu!

Nilipotoka kwenye moshi, debe lilikuwa na tundu katikati kabisa. Sijawahi kupiga vizuri namna ile. Mdeki wenyewe ulipita ukaenda zake kwenye mianzi, ukatoboa mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, iliyojaa, na ulanzi ulikuwa unachuruzika.

Babu alishafika pale chini na kikombe.

Mbeta ilikuwa ya yule mzee. Tangu siku hiyo akiniona na gobole hasemi kamwene. Hupunga mkono tu, kutoka nyuma ya mti.