Filamu za Tolkien: Kupunguza Nakubali, Kugeuza Sikubali

Filamu alizotengeneza Peter Jackson kutokana na riwaya za J.R.R. Tolkien nazipenda, na zinaniudhi vilevile. Hapa Mtwara nazisikia hoja mbili. Waliosoma wanasema kitabu kimeharibiwa. Waliotazama tu wanauliza: kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja, tena cha Kiingereza kigumu, mtu atakimaliza lini?

Hawa wa pili wana haki kuliko wanavyopewa. The Lord of the Rings ilitoka mwaka 1954 na 1955, lakini huku kwetu kukitia mkononi kitabu chenyewe ni kazi. Filamu tatu za 2001 hadi 2003 ndizo zilizomfikia kijana wa Chikongola, kwenye kibanda umiza, mtafsiri akimweleza kwa Kiswahili nani ni nani. Inapofika filamu ya tatu, mioto ya ufalme wa Gondor ikawashwa mlima hadi mlima kuomba msaada wa Rohan, ufalme jirani, hata mtafsiri ananyamaza na kuuachia muziki wa Howard Shore. Kwenye riwaya, Pippin, mmoja wa mahobiti, yaani wale watu wafupi wa hadithi hii, anaiona mioto hiyo akiwa juu ya farasi na mchawi Gandalf, na habari yake inapita upesi. Hapo filamu imeizidi riwaya. Oscar 11 ilizozoa, kila ilichowania ikakipata, ni halali yake.

Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi na mhariri wa maandishi yake, hakukubali. Mwaka 2012 aliliambia gazeti la Le Monde kwamba kitabu cha baba yake kimegeuzwa filamu ya mapigano ya vijana. Naona alizidisha, ila hakukosea kabisa.

Kupunguza si kosa. Tom Bombadil, mtu wa ajabu wa msituni, ameachwa mzimamzima, na Pete, ile ya uovu inayopelekwa kuangamizwa, inafika Mordor, nchi ya adui, bila yeye. Kinachoniuma ni Faramir, kapteni wa Gondor. Katika riwaya anaijua Pete iko mbele yake, ana askari, ana kila sababu ya kuichukua, na anaiacha iende. Ndiyo tofauti yake na Boromir kaka yake, aliyeshindwa na tamaa ya Pete, na ndiyo inayotuonyesha kwamba binadamu anaweza kukataa. Filamu inamfanya amburute Frodo, hobiti anayeibeba Pete, hadi mji wa Osgiliath kabla ya kubadili nia. Watetezi wanasema bila hivyo Pete ingeonekana haina nguvu. Hoja hiyo naielewa, lakini gharama yake ni mtu mzima aliyeandikwa na Tolkien kupotea.

Kuna sehemu nyingine ambayo kuiondoa kumegeuza maana. Mwishoni mwa riwaya mahobiti wanarudi kwao Shire na kukuta miti imekatwa, na wababe wanakusanya mazao kwa kisingizio cha kugawana sawa, yasirudi tena kwa mkulima. Wanalazimika kupigana kwao wenyewe. Msomaji aliyekulia kwenye mikorosho ya Newala hahitaji kufafanuliwa sura hiyo. Katika filamu wanarudi, kijiji kiko vilevile, wanakunywa bia. Najua filamu ilikwisha kuwa ndefu mno. Bado vita vinavyoisha bila kumgusa mtu nyumbani si vita alivyoviandika Tolkien.

Hasara nyingine haina wa kulaumiwa. Nilipokuwa nasoma, bandari wanakoagana wahusika mwishoni ilikuwa Mikindani, maji yametulia na majahazi yamefunga. Siku hizi nikisoma, naona picha ya Jackson tu.

Kuhusu The Hobbit sina mengi. Kitabu cha 1937, kurasa kama mia tatu, cha kusomewa watoto, kimevutwa kikawa filamu tatu, 2012 hadi 2014, akaongezwa na Tauriel ambaye Tolkien hakumwandika popote, apendane na mbilikimo. Huko si kufupisha wala kufasiri.

Kijana akiniuliza aanzie wapi, humwambia The Hobbit aanze na kitabu, na filamu zake asipozitazama hajapoteza kitu. The Lord of the Rings aanze na filamu kama kitabu hajakipata, ila habari ya Faramir asiiamini mpaka aisome mwenyewe.