Siku Jaketi Langu Lilipouzwa Kabwe

Kwetu Tanga, kutazama watu hakuhitaji miguu. Unakaa barazani pale Ngamiani, ambako barabara zimepewa namba kama wachezaji, unaweka kikombe cha kahawa pembeni, na watu wenyewe wanakuja kupita mbele yako mmoja mmoja kama wamelipwa. Kanzu iliyopigwa pasi upande mmoja unaiona. Binti wa jirani aliyepita mara tatu bila kutumwa unamwona. Nimelelewa hivyo, ndiyo maana nilipohamishiwa Mbeya kikazi, kabla sijaulizia maji wala umeme, niliulizia baraza.

Mbeya wana baridi. Mji umekaa juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukifika mwezi wa sita na wa saba jioni zake si za kukaa nje. Sisi watu wa pwani husema tunakwenda kupunga upepo. Huku upepo unaoshuka Mlima Loleza ndio unaokupunga wewe, halafu unakurudisha ndani ukatafute blanketi. Niliwahi kukaa mlangoni dakika kumi tu, mpangaji mwenzangu akaja kuniuliza kwa upole kama nimepoteza ufunguo.

Basi nikaamua kutembea. Na jua la huku lilinisaidia, kwa sababu tuko magharibi zaidi, linachelewa kuzama kuliko la Tanga kwa kama robo saa hivi. Robo saa kwa mtu anayependa kutazama watu ni mali. Nikanunua vitu viwili: daftari dogo la mfukoni na jaketi. Daftari nilitaka nipange mitaa yote kwa alama, juu ya kumi, nijue jioni zangu nizipeleke wapi.

Forest, ninakopanga, niliipa 2. Miti mizuri, mageti mazuri, mbwa wengi kuliko watu. Nilizunguka saa nzima nikamwona mlinzi mmoja, naye alikuwa ananitazama mimi. Uhindini niliipa 5. Majengo yake ya zamani yana vibaraza, moyo wangu ukaruka, lakini jioni milango ya maduka inashuka grrr, grrr, na unabaki na vibaraza vitupu. Labda iwe siku ya mechi Uwanja wa Sokoine, hapo hata waliofungwa wanapendeza kuwatazama. Soko Matola, 6. Mafiati ningeipa zaidi, ila barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita pale na malori ya Zambia na Kongo, na mimi siwezi kufaidi ugomvi ambao nauona midomo tu. 6 pia. Mwanjelwa, 8. Lile soko la zamani liliungua 2006 na sasa kuna jengo kubwa, lakini utamu wa Mwanjelwa kwa maoni yangu uko nje ya jengo, pale parachichi na ndizi za Tukuyu zinapoteremshwa na kila mwanamke ana neno la kumwambia mwenye mzani.

Kabwe ikapata 9. Sijawahi kumpa mtu wala kitu 9 maishani. Saa kumi na mbili jioni pale makutano, wanaotoka kazini wanashuka kwenye daladala, bajaji zinagombea abiria, wauza mtumba wameanza bei ya jioni, mahindi yanachomwa, chipsi zinalia kwenye mafuta, na kila mmoja ana haraka lakini hakuna anayeondoka. Nikajichagulia kigoda changu karibu na jiko la mama mmoja wa chipsi, mahali pana joto na panaonekana pande zote nne. Nikawa nakwenda kila siku. Na nikawa naandika.

Hapa lazima niseme ukweli, maana ndio ulioniponza. Niliacha kuandika mitaa, nikaanza kuandika watu. Na sikuwaandika kwa adabu.

Sasa jaketi. Nililinunua palepale Kabwe, kwa kijana anayetundika mtumba wake kwenye bomba jirani na yule mama wa chipsi. Jaketi zito, la kijani, kola ya manyoya, mfukoni lina kibandiko cha Kijerumani. Akaniambia 25,000. Nikasema kumi. Akashika kifua: "Anko, naapa kwa bibi yangu aliye kaburini, chini ya elfu kumi na nane nakula hasara." Nikamwonea huruma bibi, nikatoa 18,000.

Siku ya tukio ilikuwa Alhamisi, mwezi wa saba. Nimekaa kwenye kigoda changu, jiko linawaka, mgongo umepata joto hadi nikaanza kutoka jasho, jambo ambalo Mbeya mwezi wa saba ni anasa. Nikavua jaketi. Pembeni yangu palikuwa na mti wenye msumari, nikalitundika. Mti ule mimi nilidhani ni wa kibanda cha chipsi. Kumbe upande wa pili ndio ulioshikilia bomba la yule kijana wa mtumba.

Mara pakazuka ugomvi wa bajaji. Abiria, mama mmoja mwenye kikapu, anadai chenji ya mia tano. Dereva anasema mia tano hiyo ni nauli ya kikapu. Kikapu chenyewe kilikuwa na kuku, na dereva akawa anataka kujua kuku ni mzigo au ni abiria. Ningewezaje kubaki nimekaa? Nikasogea. Nikapata nafasi nzuri ya mbele. Ile hoja ya kuku ilijadiliwa na watu kama ishirini, wengine wakishuka kutoka bajaji nyingine kuja kuchangia, hadi mama akapewa mia mbili, kuku akapiga kelele, na kila mtu akatawanyika ameridhika.

Narudi, msumari mtupu.

"Kijana," nikamwambia wa mtumba, "jaketi langu lilikuwa hapa."

"Jaketi gani, anko?"

"La kijani. Kola ya manyoya."

Uso ukamchanua. "Aaa, lile! Limekwenda sasa hivi. Nilishangaa kulikuta, nikajua limedondoka kwenye henga mtu akalitundika pale. Jaketi zangu nazijua, anko, lile nililitoa kwenye belo mwenyewe."

"Ulilitoa kwenye belo ukaniuzia mimi!"

Akanitazama vizuri. Akakumbuka. Kwa heshima yake, alipunguza sauti. "Basi tumekosana na shetani."

"Umeliuza shilingi ngapi?"

Hapo ndipo alipotaka kunikwepa. Akapanga suruali ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mama wa chipsi, bila kuinua macho kwenye karai, akajibu kwa niaba yake: "Elfu saba."

Naomba mnielewe. Kuuziwa jaketi langu niliweza kuvumilia. Lakini elfu saba! Nilisimama pale katika baridi, nimevaa shati la mikono mifupi, ninamfikiria yule bibi kaburini.

Ndipo nikakumbuka mifukoni kulikuwa na nini. Mfuko wa kulia, ufunguo wa chumba. Mfuko wa kushoto, daftari.

"Amekwenda upande gani?"

Hakuwa amekwenda popote. Hatua thelathini kutoka pale kuna mzee anayeuza kahawa na kashata chini ya taa ya duka, na watu walikuwa wamejazana wanacheka. Nikasogea. Katikati alisimama kijana mrefu, mwanachuo bila shaka kwa jinsi alivyokuwa anatamka, amevaa jaketi langu na limempendeza kuliko mimi, ameshika daftari langu, anasoma kwa sauti.

"'Muuza mtumba wa Kabwe,'" alisoma. "'Bibi yake amekufa mara saba wiki hii, kila mara kwa bei tofauti.'"

Watu wakaangua kicheko. Nitakiri kwamba kwa sekunde mbili tatu nilifurahi. Sijawahi kusomwa hadharani. Hata nilitabasamu.

"Sasa mimi najiuliza," kijana akasema, "hili jaketi limetoka Ujerumani, kibandiko hiki hapa. Mjerumani kamjuaje wa mtumba wa Kabwe?"

"Soma mengine," wakasema.

"'Mama wa chipsi: viazi anavihesabu kama vidonge vya hospitali. Kutwa mara tatu, viwili viwili.'"

Nyuma yangu nikasikia karai linatulia. Mama alikuwa amenifuata, kijiko cha kukaangia mkononi.

"'Dereva wa kofia nyekundu: bado mmoja tunaondoka. Huyo mmoja anasubiriwa tangu Jumatatu.'"

Dereva wa kofia nyekundu naye alikuwepo. Wote walikuwepo, ndio uzuri wa Kabwe, niliipa 9 kwa sababu hiyohiyo.

Nilifikiria kuondoka. Wallahi nilifikiria. Daftari halikuwa na jina, jaketi ningenunua lingine, kwa bei ambayo sasa naijua. Lakini ufunguo! Mwenye nyumba wangu akishafunga geti saa tatu hafungui hata kwa mkuu wa mkoa, na ufunguo wa akiba anao fundi ambaye yuko Chunya. Nikapima: kulala nje Mbeya mwezi wa saba kwa shati la mikono mifupi, au kujitokeza.

"Samahanini," nikasema. "Hilo jaketi ni langu. Limeuzwa kwa bahati mbaya. Mfukoni kuna ufunguo."

Kijana akapapasa, akautoa. "Ufunguo kila mtu anao, kaka. Utathibitishaje?"

"Umefungwa kwa uzi wa bluu."

"Uzi unauona hapa mkononi mwangu."

Ni kweli, nilikuwa nauona. Mzee wa kahawa, aliyekuwa kimya muda wote, akainua mkono na kelele zikaisha. Ni mzee anayeheshimika pale. Akasema taratibu, "Kijana wangu, usibishane naye. Kama vitu ni vyake, na daftari ni lake. Fungua ukurasa wa mwisho, ufiche. Yeye ataje kilichoandikwa."

Wote wakaona ni haki. Mimi peke yangu ndiye niliyejua ukurasa wa mwisho unamhusu nani.

"Baba," nikasema, "hakuna ukurasa mwingine?"

"Wa mwisho."

"Wa kwanza ninaukumbuka vizuri zaidi. Ni wa Forest."

"Taja, mwanangu, watu wanapoa."

Nikatazama viatu vyangu. Nikataja kwa sauti ya mtu anayeungama: "'Mzee wa kahawa. Siri zote za serikali anazijua, ya kesho na ya keshokutwa. Asichokijua ni kwamba kahawa yake imepoa.'"

Kijana akafungua, akasoma moyoni, akainua macho. "Neno kwa neno, mzee."

Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia lori likibadilisha gia kule Mafiati. Mzee akachukua kikombe, akamimina kidogo kutoka kwenye dele, akaonja. Akafikiri. Akaonja tena.

"Imepoa," akasema. "Ongezeni mkaa."

Kicheko kilichofuata sijakisikia hata harusini. Lakini kesi haikuishia hapo, maana kila aliyeandikwa alikuwa na rufaa. Jaketi nililinunua tena, kwa kijana mrefu, kwa elfu nane. Nilipouliza elfu moja imezidi ya nini, akasema ya usomaji. Kwa mahesabu yangu jaketi lile limenigharimu 26,000, zaidi ya ile bei ya kwanza niliyokataa. Wa mtumba alidaiwa na mzee anirudishie hata elfu mbili, akaanza kushika kifua, watu wote wakapiga kelele kwa pamoja: "Bibi!" Akatoa.

Faini yangu ilikuwa kahawa ya kila aliyekuwepo. Vikombe ishirini na kimoja. Nilihesabu kumi na saba tu waliokuwepo wakati nasomwa, lakini sikuwa na sura ya kubishana. Mama wa chipsi hakutaka kahawa. Alitaka daftari na kalamu. Alikwenda nalo jikoni kwake, akaandika akiwa ameinama, dereva wa kofia nyekundu akimsogelea kumwongezea maneno, wa mtumba naye, na kila nilipojaribu kuchungulia nilioneshwa kijiko. Waliponirudishia, mama akaniwekea na chipsi kwenye mfuko. Nilipofika nyumbani, dakika tano kabla ya geti, nilizihesabu: vipande kumi na vinne, na kila kimoja kimekatwa nusu ili hesabu iwe kubwa.

Kisha nikafungua daftari. Baada ya ukurasa wa mzee kulikuwa na mwandiko mwingine, herufi zimesimama wima, zimekandamizwa hadi zimetokea upande wa pili:

"Mtu wa Tanga. Anakuja kila jioni peke yake, anakaa karibu na jiko ili apate joto la bure. Ananunua chipsi za elfu moja anakula saa nzima. Anadhani hatumwoni. Tulikuwa tumemwita Bwana Afya, dereva akasema hapana, huyo ni wa kodi, wa jaketi akasema kwa bei aliyonunua hawezi kuwa wa kodi. Alama 4."

Nne! Nilikaa kitandani nimevaa lile jaketi, nimeudhika kweli. Halafu nikarudi ukurasa wa kwanza kuangalia. Forest ilikuwa na 2.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu nilikuwa njiani kushuka Kabwe. Jaketi nimelifunga zipu mpaka shingoni.