Kisanduku cha AS kwenye Base: tukizime au tukiache?

Chukua ofisi ya transit hapa Lubumbashi, inayofuatilia malori ya shaba hadi mpakani Kasumbalesa. Data iko kwenye seva ya hifadhidata ya Oracle 19c, na karani anaisoma kwa LibreOffice Base, programu inayoandika maswali ya SQL, yaani lugha ya kuuliza hifadhidata. Anaunganisha jedwali la camion (malori) na la facture (ankara), anabonyeza, na anajibiwa ORA-00933, kosa la Oracle. Chanzo ni herufi mbili tu: Base imeandika FROM camion AS c, na Oracle hiyo haitaki AS kati ya jedwali na aliasi yake (jina lake la mkato, hapa c), ingawa kwenye aliasi ya safu inaipokea bila kinyongo.

Dawa iko kwenye menyu: Édition, Base de données, Paramètres avancés, kisha ondoa alama kwenye kisanduku cha AS. Ubishi unaanzia hapo. Wapo wanaotaka kizimwe kwenye kila faili, maana hifadhidata nyingine, PostgreSQL na MySQL, hazijali AS ikiwepo au isiwepo. Ni kweli, na ofisi yenye seva za aina mbili itapata nafuu. Wengine wanaitetea AS kwa ajili ya msomaji. Ukisahau mkato ukaandika FROM camion facture, seva hainung'uniki. Inachukulia facture kuwa aliasi ya camion, nawe unaletewa orodha ya malori peke yake, bila ankara. Palipozoeleka AS, jicho linalikamata kosa hilo mapema.

Mimi ningezima kwa Oracle peke yake. Mpangilio huu hukaa ndani ya faili ya Base, ile ya .odb, si kwenye kompyuta, hivyo faili ikinakiliwa kwa clé USB, nao unahama. (Ndiyo maana meza ya pili, wenye faili nyingine, wanafanya kazi na wewe umekwama.) Kisanduku jirani, cha kuongeza aliasi kwenye SELECT, kiache: jedwali haliunganishwi na lenyewe bila aliasi.

Kabla ya kugusa chochote, andika swali bila AS, ulitume kwa hali ya SQL ya moja kwa moja, ambapo Base hailichambui. Likipita, mkorofi ni Base. Ila swali lenye kigezo kama :mwezi, yaani thamani unayoijaza unapoliendesha, halifanyi kazi kwa njia hiyo.

Kuna kosa lisilotibiwa na kisanduku chochote: SELECT poids * prix AS total FROM facture WHERE total > 500. Hapo poids ni uzito, prix ni bei. WHERE hushughulikiwa kabla ya SELECT, kwa hiyo total haijulikani bado. Irudie hesabu yenyewe, WHERE poids * prix > 500. ORDER BY total haina tatizo.