Muvi za kutisha za skrini ya kompyuta: ugomvi unaanzia kwenye umbali wa benchi

Muvi za kutisha ambazo hadithi yote inapita kwenye skrini ya kompyuta zinawagawa watazamaji wa Bagamoyo kama zinavyowagawa wa kwingineko. Kuna wanaosema zinachosha: unakaa saa nzima unamwangalia mtu anachati, hakuna msitu, hakuna nyumba yenye giza, muuaji mwenyewe haonekani. Na kuna wanaosema hizi ndizo zilizowabana kifua kuliko zote. Mfano mzuri wa ugomvi huu ni Unfriended ya Levan Gabriadze, iliyoingia kwenye majumba ya sinema Marekani Aprili 2015. Kwa dakika 83 tunatazama kompyuta ya Blaire, anayeongea na marafiki zake kwa Skype. Mwenzao alijiua mwaka mmoja kabla, baada ya video ya kumdhalilisha kusambazwa, na sasa akaunti yake inawaandikia.

Kabla ya kuamua nani ana haki, tuulize kila mmoja alitazamia wapi. Chukua herufi ya chati yenye urefu wa pikseli 16 katika picha ya pikseli 1080 kutoka juu hadi chini. Kwenye TV ya inchi 32, herufi hiyo ina kama milimita 6. Mtu aliyekaa benchi la nyuma la kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea muvi, mita 4 kutoka kwenye TV, yuko kwenye mpaka wa kile ambacho jicho zima linaweza kusoma. Kwenye laptopu ya inchi 15 iliyo sentimita 50 kutoka usoni, herufi hiyohiyo inaonekana kubwa kama mara nne. Hapo bado hatujagusa ubora wa faili. Muvi ikibanwa hadi pikseli 480 ili itoshe kwenye flashi pamoja na nyingine ishirini, herufi ile inabaki na pikseli 7, na maandishi yanashikana.

Kisichosomeka ndicho kinachobeba hofu. Blaire anaandika sentensi, anasita, anaifuta, anaandika nyingine ya uongo na kuituma. Marafiki zake wanaiona ile ya pili tu. Mtazamaji ameziona zote mbili, kwa hiyo anajua anachofichwa kila mtu. Hakuna anayeongea wakati huo. DJ anayetafsiri kwa sauti, aliyezoea kujaza ukimya wa muvi za mapigano, hapo huweka maneno yake mwenyewe, na kishale kinachosita juu ya kitufe kinapita bila kuonwa. Subufa nayo ikifunguliwa sana inameza vile vimlio vyembamba vya ujumbe kuingia, ambavyo ndivyo vinavyotangulia balaa. Wanaosema walichoshwa hawadanganyi: nusu ya muvi haikuwafikia.

Hata hivyo, si kila lawama inaondoka kwa kusogeza benchi. Vijana wa Unfriended wanapiga kelele mfululizo katika nusu ya pili, mpaka ni vigumu kumjali yeyote. Vifo vinapita haraka, na mara nyingi picha inakatika au kuganda pale ambapo ulitaka kuelewa. Kuganda kwenyewe ni mbinu nzuri: kuna mahali wanadhani picha ya mwenzao imeganda kwa sababu ya mtandao, kumbe haijaganda. Kwa mtu aliyezoea bando kumkatikia katikati ya simu ya video, hapo pana hofu ya kweli. Ila mbinu hiyo ikirudiwa tena na tena inageuka kuwa njia ya kukwepa kuonyesha. Sekunde za mwisho ndizo mbaya zaidi, kwa sababu muvi inatoka nje ya skrini kutafuta mshtuko wa kawaida, na kuvunja sharti ililolishika tangu mwanzo.

Host ya Rob Savage, ya mwaka 2020, inaonyesha kwamba tatizo si mtindo. Ina dakika 57, ni ya marafiki wanaoita mizimu kwa Zoom wakati wa karantini ya korona. Humo mambo mengi yako kwenye nyuso, milango na vishindo. Cha kusoma ni kidogo. Kwa kibanda umiza hiyo ni salama zaidi, ingawa ile raha ya kuingia kwenye mawazo ya mhusika kupitia anachofuta haimo.

Wapo pia wanaosema pepo haingii kwenye waya, kwamba jini ana mbuyu wake na magofu yake; hoja hiyo ni ya haki kwa mtu aliyekulia karibu na magofu ya kale ya Kaole, hapa Bagamoyo. Lakini tishio la Unfriended ni video ya aibu isiyofutika, na hilo halihitaji kutafsiriwa hapa. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka huohuo wa 2015, ina kifungu cha unyanyasaji mtandaoni.

Mwenye kibanda anayetaka kuionyesha atafute faili ya pikseli 1080, asogeze mabenchi yasizidi mita 2 kutoka kwenye TV ya inchi 32, na apunguze besi. DJ aitazame mara moja peke yake kwanza, aandike pembeni kila ujumbe unaofutwa, kisha ausome kabla haujafutika, na anyamaze pale kishale kinaposimama.