Kishikwambi chenye mfumo wa simu: kinunue, ila si kwa bei ya laptopu

Kila kishikwambi kipya kinapotoka, lawama ni ile ile: mashine ina nguvu ya kuhariri filamu nzima, mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayokiendesha kifaa chote, ni wa simu. Wanaolalamika hivyo humalizia kwamba vishikwambi ni simu zilizovimba tu, afadhali mtu anunue laptopu yaishe. Lawama yenyewe ina ukweli mwingi. Hitimisho lake ndilo nisilolikubali, na ubishi wangu unaanzia nyuma kidogo, kabla ya iPad.

Vishikwambi vyenye mfumo kamili ndivyo vilivyotangulia. Microsoft ilitoa Windows XP maalumu kwa ajili yake, Tablet PC Edition, mwaka 2002. Mwaka mmoja kabla, Bill Gates alikuwa ametabiri kwamba ndani ya miaka mitano hiyo ndiyo ingekuwa aina ya kompyuta inayopendwa zaidi sokoni Marekani. Wapi! Kila kitu kilikuwemo: Word nzima, mafolda, printa, programu zote za ofisini. Lakini vitufe vya Windows vilichorwa kwa ajili ya kishale cha kipanya. Jaribu kufunga dirisha la Windows ya zamani kwa kugusa ile alama ya X iliyo kwenye kona, ukiwa umesimama na mashine iko mkono wa kushoto. Ukikosea kidogo umelikunja dirisha badala ya kulifunga. Mashine zenyewe zilikuwa nzito, zinapata joto, na betri inakata mapema.

Aprili 2010 ikaja iPad ikiwa na mfumo wa iPhone, toleo la 3.2. Haikuwa na kamera. Haikuwa na tundu la kuchomeka flashi. Ukitoka kwenye programu moja kwenda nyingine, ile ya kwanza kwa kawaida inazimika. Pamoja na yote hayo, Apple ilitangaza kuuza milioni 3 ndani ya siku 80. Kwa hiyo anayesema mfumo uliobanwa unakiua kishikwambi aeleze kwanza kwa nini kile ambacho hakikubanwa kilikaa sokoni miaka minane bila watu wengi kujua kama kipo.

Microsoft nao wakajaribu kubana. Oktoba 2012 walitoa Surface yenye Windows RT, mfumo uliokuwa na sura ya Windows, eneo-kazi na vyote, ila programu zako za zamani hazikubali kuingia. Julai 2013 kampuni ilikiri hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya bidhaa hiyo. Hapo ndipo ninapoiona tofauti. iPad haikumwahidi mtu kompyuta, kwa hiyo hakuna aliyeinunua akatafuta programu yake ya uhasibu akaikosa. Windows RT ilikuwa na sura ya kompyuta na tabia ya simu, na mnunuzi aligundua akishafika nyumbani.

Mfumo mdogo una faida zake, nami sizisemi kwa kumfariji mtu. Juni 2013 shirika la ndege la American Airlines lilimaliza kuondoa mikoba ya marubani iliyojaa ramani na vitabu vya mwongozo, mzigo wa kilo kama 16, likaweka iPad badala yake. Rubani hana haja ya madirisha sita. Anataka ramani ya uwanja wa ndege ifunguke pale pale anapoigusa, na isikatizwe na mfumo unaotaka kujizima ili usasishwe. Mchoraji David Hockney alianza kuchora kwenye iPad ilipotoka tu, na mwaka 2012 michoro yake ya iPad ilitundikwa Royal Academy jijini London, ikiwa imechapwa kwa ukubwa wa ukutani. Procreate, programu ambayo wachoraji wengi wa kidijitali wanaishi ndani yake, ipo kwenye iPad tangu 2011 na haina toleo la kompyuta. Wapiga piano wanaweka nota zao humo na kugeuza kurasa kwa pedali ya mguu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayelia kwamba amenyimwa mfumo kamili.

Kuna na usalama. Kwenye mifumo hii kila programu imefungiwa chumba chake. Haioni mafaili ya jirani mpaka wewe uiruhusu. Ukuta huo huo unaokuudhi unapotaka kuhamisha kitu haraka ndio unaozuia programu chafu isiyapekue mafaili yako yote, ikayafunga, kisha ikakudai pesa. Huwezi kuomba ubomolewe upande mmoja tu.

Sasa nije kwenye mahali ambapo mfumo unabana kweli. Kipimo changu ni safari ya faili. Kazi ikizaliwa, ikakua na kumalizikia ndani ya programu moja, kishikwambi kinaitosha, mara nyingi kinaipita laptopu. Kazi ikiwa ni ya kuhamahama, inatoka programu hii inaingia ile, inabadilishwa muundo, inarudi, hapo utatafuta meza na kibodi mapema.

Mfano. Umetumiwa faili la zip kwa barua pepe, ndani yake mna jedwali na picha kadhaa, nawe unatakiwa kutengeneza ripoti moja ya PDF na kuipakia kwenye tovuti fulani. Kwenye laptopu kazi hii haina hata jina. Kwenye kishikwambi, zip linafunguka bila shida, hilo siku hizi limekaa sawa. Jedwali linafunguka kwenye Excel, ila aliyelitengeneza aliweka makro, yaani amri za kulifanya jedwali lijifanyie kazi lenyewe, na makro hazifanyi kazi kwenye Excel ya iPad wala ya Android; vitufe vyake unaviona, ukivigusa hakuna kinachotokea. Unaamua kukokotoa kwa mkono. Picha ni kubwa mno, unataka kuzipunguza zote kwa mpigo. Programu ya picha inataka ziingie kwanza kwenye maktaba ya picha. Unaziingiza, unazipunguza, unazirudisha kwenye folda, na sasa kila picha ina nakala mbili zenye majina yasiyofanana na yale uliyotumiwa. Unaanza kuzifungua moja moja kuona ipi ni ipi. Kazi inakamilika, sitasema uongo. Lakini muda ulioutumia kusukuma vitu kutoka chumba hadi chumba umezidi muda wa kuandika ripoti yenyewe, na mtu aliyeapa kwamba “kila kitu kinawezekana kwenye kishikwambi” hakukwambia hilo.

Video nayo ilikuwa na kituko chake. Final Cut Pro, programu ya Apple ya kuhariri video, ilifika kwenye iPad mwaka 2023, jambo lililosubiriwa kwa hamu. Ila ukishabonyeza kitufe cha kutoa video iliyokamilika, ilibidi uiache programu wazi mbele yako mpaka imalize. Ukitoka kwenda kujibu ujumbe, kazi inakatika. Mashine yenye chipu ya kompyuta imekaa inakulazimisha uiangalie ikifanya kazi! Apple waliruhusu kazi za namna hiyo ziendelee nyuma ya pazia kwenye iPadOS 26, toleo la mfumo wa iPad la mwaka 2025.

Kwa waandika programu sitasema mengi. Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu nyingine, haipo kwenye iPad. Ipo ndogo yake, Swift Playgrounds, ambayo tangu mwishoni mwa 2021 inaweza kutengeneza programu na kuipeleka dukani, ila wanaoitegemea kwa riziki ni wachache. Wengi hugeuza kishikwambi kuwa dirisha la kuingilia seva iliyo mbali, na hapo kinachofanya kazi ni ile kompyuta nyingine.

Kinachonikera zaidi kuliko mfumo ni bei inayotozwa juu ya mfumo huo. Mwaka 2021 Apple waliweka ndani ya iPad Pro chipu ya M1, ile ile iliyokuwa imewekwa kwenye MacBook Air, laptopu yao, miezi michache nyuma. Mei 2024 wakazidi: chipu ya M4 ilianzia kwenye iPad Pro, kompyuta zao zikaipata miezi kadhaa baadaye. Kasi hiyo unailipia yote, na mfumo unakugawia kwa kijiko. Ongeza kibodi yao. Mwaka 2020, iPad Pro ya inchi 12.9 ikivishwa Magic Keyboard ilikuwa nzito kuliko MacBook Air nzima, na bei ya viwili hivyo ilikuwa inaizidi laptopu hiyo. Ukifika hatua hiyo, umenunua laptopu ghali inayofanya kazi chache kuliko laptopu rahisi. Hapo walalamikaji nawaunga mkono bila masharti.

Ila tusiutwike mfumo dhambi za wengine. WhatsApp ilikuja kuwa na programu rasmi ya iPad Mei 2025, miaka 15 baada ya kifaa kutoka. Instagram ikafuata Septemba mwaka huo huo. Kabla ya hapo Instagram ulikuwa unafungua ile ya simu, imekaa katikati ya kioo kikubwa na nafasi tupu pembeni. Mfumo haukuwazuia. Walioziandika hawakujali, basi. (Kikokotoo, hicho Apple wenyewe hawana pa kujificha: kilifika kwenye iPad mwaka 2024.)

Upande wa Android ugonjwa huo wa kutojaliwa ndio mkubwa zaidi. Kimfumo Android imelegezwa kuliko iPad: watu kadhaa wanaweza kuwa na akaunti zao kwenye kishikwambi kimoja tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012, unaweza kusakinisha programu kutoka nje ya duka, na vishikwambi vya juu vya Samsung vina DeX, inayokupa madirisha kama ya kompyuta. Lakini Google wenyewe walikuwa wakiingia na kutoka. Walitoa Android 3.0 kwa ajili ya vishikwambi peke yake mwaka 2011, wakatangaza mwaka 2019 kwamba hawatengenezi tena vishikwambi, wakarudi na Pixel Tablet mwaka 2023. Mwandika programu akiona hivyo, kwa nini ahangaike na kioo kikubwa? Matokeo yake ni uhuru mwingi na programu nzuri chache.

Kuna kikwazo kingine ambacho mabishano haya hukiruka, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote: mfumo ukiisha, kifaa kimekwisha. Laptopu ya mwaka 2012 iliyoachwa na Windows inaweza kuwekewa Linux, mfumo wa bure, ikaendelea kuandika barua na kufungua tovuti. Kishikwambi kimefungwa kwa kufuli ya mtengenezaji, na siku atakapoamua masasisho basi, programu zitaanza kukukatalia moja moja, benki kwanza. iPad ya kwanza ilitoka 2010 na haikuvuka toleo la 5 la mfumo wake (iOS), yaani miaka kama miwili ya uhai. Hali imekuwa bora sana tangu hapo. iPad Air 2 ya 2014 iliendelea kupewa mifumo mipya hadi iPadOS 15 ya 2021. Vishikwambi vya Android vya bei ya chini huachwa mapema zaidi, vingine bila kupata hata toleo moja jipya. Kifaa ambacho kioo chake ni kizima na betri yake bado inashika chaji kinageuka fremu ya picha kwa sababu ya uamuzi wa ofisini. Mimi naweza kuishi bila madirisha. Hili la kufuli linaniuma.

Na madirisha yenyewe sasa yapo. iPadOS 26 imeleta madirisha ya kuvuta na kupunguza, vitufe vya rangi vya kuyafunga, na menyu juu ya kioo, karibu kabisa na Mac. Cha kuchekesha ni kwamba toleo hilo liliondoa Slide Over, ule mtindo wa kuitelezesha programu ndogo pembeni, watumiaji wakalalamika, ikarudishwa kwenye 26.1. Wapo watu wengi waliokuwa wameridhika na kile kidogo walichopewa.

Kwa anayetaka ushauri wa kununua: akiwa tayari na kompyuta yoyote, hata kuukuu, kishikwambi cha bei ya kati ni ununuzi mzuri. Kwa kusoma vitabu na PDF, kuandika kwa kalamu pembeni ya kurasa, kuchora, mikutano ya video, na kumpa mzazi asiyetaka habari za virusi wala folda. Kibodi ya mtengenezaji aiache. Ya Bluetooth ya kawaida inatosha kwa barua mbili tatu. Akiwa hana kifaa kingine na kazi yake ni ya mafaili yanayohamahama, anunue laptopu, hata iliyotumika. Na kabla hajalipia kishikwambi chochote, asome mtengenezaji ameahidi masasisho ya miaka mingapi, kisha ahesabu kuanzia siku aina hiyo ilipoingia sokoni, si siku atakayokinunua yeye.