Wosia bila mtu baki

Wosia wa baba mdogo uliandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi mbili zilizochanwa katikati ya daftari la hesabu la mwanawe. Nyumba kwa bi mdogo, shamba kwa kijana mkubwa wa mke wa kwanza. Chini wametia sahihi kaka zake wawili, baba zangu wakubwa. Wino ulipokata, mwenye duka wa jirani aliombwa kalamu. Akaileta mwenyewe, akasalimia, akarudi kuuza sukari yake.

Tungemkalisha yule mzee dakika tano tu.

Sheria za mila zilizoandikwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, ambazo mpaka leo ndizo zinazotumika kwa makabila mengi ya Tanzania yanayofuata ukoo wa baba, hazitaki mashahidi wa upande mmoja. Anayejua kusoma na kuandika akiandika wosia, awe na mashahidi wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo, mmoja mtu baki. Asiyejua, au anayeusia kwa mdomo, anahitaji wanne, wawili kwa wawili. (Waislamu wana utaratibu wao, na wosia wao hauvuki theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi.)

Ilipofika arobaini, kikao cha ukoo kikakaa. Na nani aliyesimama kusema wosia haufai? Mmoja wa wale wale waliotia sahihi. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, na kisheria sioni ilipokosea. Wosia ukianguka, mali inagawiwa kana kwamba marehemu hakusema kitu, na hapo Tangazo lile lile linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mkubwa wa bi mdogo yuko darasa la tano.

Kanuni hiyo ya mjane naiona ni aibu, ilipaswa kufutwa zamani. Ila ya mtu baki naitetea. Aliyeitunga aliwajua ndugu. Mtu wa ukoo anaposhuhudia, anashuhudia huku anapiga hesabu. Muuza duka hana cha kupata wala cha kupoteza. Kwetu, kumwita jirani kwenye jambo kama hili huhesabiwa kuwa ni kuanika siri za nyumba, na kwa heshima hiyo bi mdogo sasa amepanga chumba kimoja.

Wangu nimeuandika mwezi uliopita. Nimeuliza RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ambao huandaa wosia na kuuhifadhi, nikaona nisiufiche sandukuni. Shahidi wangu wa pili ni fundi cherehani wa mtaani, tumejuana miaka tisa. Shangazi alipopata habari aliuliza, "Huyo naye kwetu ni nani?" Nikamwambia si mtu wetu, ndiyo maana nimemwita. Tangu Jumapili hajapokea simu yangu.